Kihamba cha Mama na Mwaka 2020

Tarehe 17 Machi 2020 tulishuka Mlima Kilimanjaro kwa geti la Mweka, mimi nikiwa mpishi wa kundi la wageni tisa. Simu ziliposhika mtandao zikalia zote kwa mpigo. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alikuwa ametangazwa jana yake, msafiri aliyetua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akapatikana Arusha. Wageni wakaanza kuhangaikia ndege palepale. Bakshishi ikagawiwa harakaharaka, hata kuimba hatukuimba.

Mwezi wa nne ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Tarehe 18 Mei anga likafunguliwa, lakini Juni, msimu wetu mkubwa, ukaingia na wageni hawapo. Mwaka 2019 watalii waliokuja nchini walikuwa milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka hadi laki sita na ushee. Mimi upungufu huo naujua kwa sura za watu. Mgumu mmoja, ndivyo tunavyowaita wapagazi wa mlimani, aliuza buti zake sokoni Kiborloni. Mwingine alikwenda kupakia mchanga.

Mimi niliacha chumba Pasua, mjini Moshi, nikarudi kijijini Uru kwa mama. Kihambani, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, hatukulala njaa: ndizi, maharage, magimbi, maziwa ya ng'ombe mmoja. Mwenzangu mzaliwa wa mjini, asiye na hata mgomba mmoja, alipanda kwa miguu kila Jumamosi kuchukua mkungu. Sisi huajiriwa tripu kwa tripu. Tripu zikikatika, hakuna mshahara wala mafao.

Nchi nayo ilikuwa na kihamba chake. Uchumi uliokua kwa asilimia 7 mwaka 2019 ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020, wakati mataifa mengi makubwa yalirudi nyuma. Utalii ulipoanguka, dhahabu ilikuwa imepanda bei, maana dunia ikiogopa hukimbilia dhahabu. Na chakula tulikuwa tunalima wenyewe. Wapo wanaosema tulivuka kwa sababu hatukuogopa. Sikubali. Tulivuka kwa kuwa na zaidi ya mlango mmoja wa riziki, na si wote tuliovuka: mapema mwaka 2021 pale kijijini tulizika mara tatu ndani ya wiki mbili. Marehemu hao hawamo kwenye asilimia yoyote ya ukuaji.

Shemeji yangu ni dereva wa lori. Mei ile Kenya ilipofunga mpaka kwa watu na kuacha mizigo tu, dereva akitakiwa kupimwa kwanza, alilala Namanga chini ya gari siku nne na vitunguu alivyobeba kutoka Mang'ola vikaota. Tukizungumza usalama wa mpaka tunafikiria askari. Mimi siku hizi nafikiria vitunguu vile, na mkulima aliyekuwa akisubiri hela yake.

Mwaka 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitukopesha dola milioni 567, yakajengwa madarasa 15,000. Nayafurahia kwa dhati, watoto wetu wamepata pa kukaa. Lakini natamani siku moja uwepo mfuko wa dharura unaomfikia kibarua asiye na mwajiri wa kudumu.

Kwa sasa tuna kikoba chetu, wagumu na wapishi ishirini na wawili. Ukishuka geti, unaweka elfu tano kabla hujafika nyumbani. Mweka hazina ni yule mwenzangu wa mkungu wa Jumamosi.