Mkwaruzo wa Kibuye: kumbukumbu ya wiki tano

Jumapili

Nilikuwa natoka sokoni Kibuye, hapa Kisumu, kwa mwendo wa kinyonga, kama kila mtu anavyotoka Kibuye siku ya Jumapili. Tuktuk iliyojaa magunia ya viazi ikajipenyeza kushoto kwangu, na chuma kilichochomoza ubavuni mwake kikanilamba kona ya bampa, kikaendelea kwenye fenda, kikaachia karibu na mlango. Kijana akashuka, akapitisha kidole. "Pole mkubwa. Huu ni mkwaruzo tu, ukipaka kitu unatoka." Jua lilikuwa kali, mama mwenye viazi alikuwa analalamika, na mimi nilimwamini. Nikamwacha aende.

Vipimo: kwenye bampa sentimita 11, umekula hadi plastiki nyeusi. Kwenye fenda sentimita 23, na katikati yake pamebonyea kama kisahani cha kikombe. Gari ni Fielder ya 2014, niliagiza 2021 kabla haijafika ile miaka 8 ambayo sheria yetu inaruhusu. Rangi: nyeupe. Nilifurahi kwamba ni nyeupe. Nani anaweza kukosea nyeupe?

Usiku nilifungua karatasi za bima. Sehemu ninayobeba mwenyewe inaanzia shilingi 15,000, na kabla ya hapo niende polisi kutafuta abstrakti, ile hati ya taarifa ya ajali. Kwa mkwaruzo? Nikazirudisha kwenye bahasha.

Jumanne, uani

Kopo la spreyi nyeupe, shilingi 650, na karatasi mbili za msasa. Baada ya dakika ishirini fenda ilikuwa na doa la ukubwa wa chapati, jeupe la jokofu, na gari lote lililobaki likaonekana kama limemwagiwa maziwa ya chai. Mama watoto alitoka kuanua nguo, akasimama.

"Baba, umelifunga plasta?"

Nikachukua kitambaa na thina. Doa lote likatoka kwa mafuto matatu, na rangi ya kiwandani chini yake haikutikisika hata kidogo. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba sijui ninachoshughulika nacho.

Jumamosi ya kwanza

Nimezunguka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alitaja 3,500 kabla sijazima injini, na alikuwa tayari ameshika brashi. Wa pili alisema 12,000 na kwamba nirudi jioni ya siku hiyo hiyo. Wa tatu, mzee mwenye kibanda cha mabati upande wa Kondele, hakutaja bei. Alifungua boneti, akafuta kibati cha utambulisho kwa kidole gumba chenye mate, akasoma palipoandikwa C/TR, mahali pa namba ya rangi: 070.

"Mwalimu, hii si nyeupe. Hii ni lulu."

Akakaa juu ya tairi kuukuu, akanifundisha, na mimi kwa mara moja nikawa mwanafunzi. Rangi hii ina matabaka matatu. Kwanza nyeupe ya msingi. Juu yake tabaka jepesi kama maji ya wali, lenye chembe za mika zilizopakwa titani dioksidi. Mwanga ukiingia humo unarudi kwa rangi tofauti kulingana na unaposimama, ndiyo maana gari hili asubuhi ni jeupe na magharibi linashika udhahabu. Mwisho kabisa klia, tabaka angavu lisilo na rangi. Kopo langu la 650 lilikuwa na tabaka la kwanza peke yake, tena la weupe mwingine.

Nikamuuliza kuhusu thina. Akasema kiwandani bodi hupakwa ikiwa uchi, haina tairi wala viti wala nyaya, kisha huingizwa kwenye tanuri la joto la takriban nyuzi 140 za Selsiasi. Gari likishaunganishwa huwezi kulipika hivyo tena. Hata karakana zenye tanuri huishia 60 hivi. "Hapa kwangu kuna hadena, dawa ya kugandisha rangi, na jua la Mungu." Na bampa, kwa kuwa ni plastiki, haivumilii lile joto la bodi, hupakwa kando. Kwa hiyo hata gari likitoka kiwandani, bampa na fenda ni ndugu wa baba mmoja na mama tofauti. Nilikwenda kutazama upande wa kulia ambao haujaguswa na mtu. Ni kweli! Bampa ina unjano kidogo. Miaka yote hii sijawahi kuona, na sasa siwezi kuacha kuona.

Tukaelewana: kazi 9,000, vifaa nanunua mwenyewe.

Wiki ya pili: kadi

Duka la rangi lilichanganya kwa mizani, gramu kwa gramu, kufuata namba 070. Nilidhani tumemaliza. Fundi akacheka. Namba ile ni ya gari jipya, na hili limekaa miaka yake kwenye jua la hapa, ambako ukienda tu Maseno umeshafika ikweta. Halafu kuna hesabu ya lulu: ukipiga tabaka la kati mara mbili unapata rangi moja, ukipiga mara nne unapata nyingine, kutoka kopo lile lile.

Basi alichana boksi la sabuni, akalipaka nyeupe ya msingi, akaligawa kwa tepu vipande vinne. Kipande cha kwanza kikapigwa lulu mara moja, cha pili mara mbili, hadi cha nne, kisha klia juu ya vyote. Ndani ya kibanda, chini ya taa ya mrija, vipande vyote vilikuwa sawa kabisa, ningeapa. Tulipovitoa nje vikaachana kama wanafunzi kengele ikilia. Akaegemeza kadi kwenye fenda. Tukatazama tukiwa tumesimama, tukachuchumaa, tukasogea hadi kwenye kivuli cha mwembe.

"Cha pili," nikasema.

"Ngoja wingu lipite."

Wingu likapita. Cha pili kikageuka bluu. Kilikuwa cha tatu, na hata hicho kilihitaji tone la manjano. Tukarudi dukani, tukachana boksi jingine. Wiki nzima ikaishia hapo, na fenda bado ina mkwaruzo wake.

Bampa

Kuivua ni dakika kumi. Klipu zilizokuwa zimekauka kama biskuti zilikatika 9, kila moja shilingi 50. Ndani ya bampa nimekuta chapa >PP<, yaani polipropilini, plastiki ambayo rangi haiipendi: bila praima yake maalumu, ile rangi ya chini ya kushikiza (900), rangi inakaa vizuri hadi siku utakapopeleka gari kwenye maji ya kasi, kisha inabanduka kama ganda la ndizi. Yule fundi wa 3,500 na brashi yake, sijui angefanyaje.

Puti

Hii ndiyo sehemu niliyoiogopa, na ndiyo iliyokwenda upesi. Fundi alivuta bonde kutoka ndani, akabembeleza kwa nyundo ndogo, akapaka puti nyembamba, ile dawa nzito ya kujazia palipobonyea. Alinikaripia kwa kukamua hadena nyingi ("ikizidi inapanda juu, inatia rangi doa"). Msasa 80, 180, 320. Kisha akafanya jambo ambalo bado nalifikiria. Alivaa soksi mkononi, akafumba macho, akapitisha kiganja kutoka mlangoni kuelekea taa, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Akasimama. "Hapa." Mimi sikuona kitu. Akapuliza ukungu wa rangi nyeusi, akasugua kwa kibao, na pale pale aliposimamisha mkono likabaki doa jeusi la ukubwa wa shilingi kumi: palikuwa chini kwa unene wa karatasi.

Wiki ya tatu: macho ya omena

Siku ya kupiga rangi, saa mbili asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Msingi safi. Lulu mara tatu, safi. Tukafika kwenye klia, na mbele ya macho yangu vikaanza kufunguka vishimo vidogo vya duara, kila kimoja na kinukta katikati, sita, kumi, thelathini. Kama umewahi kuinamia sinia la omena ukaona wote wanakutazama, basi ndivyo.

Fundi akazima kompresa. "Unaoshea wapi gari?"

Nikamwambia: kule ufukweni, kila Jumamosi, na mwisho wa kuosha huwa nawaomba vijana wanipulizie ile dawa ya kung'arisha. Ile dawa ina silikoni. Inaingia kwenye mikunjo, chini ya raba, pembeni mwa taa, na ukija kupaka, rangi inaikimbia. Tulikuwa tumefuta fenda, ila hatukung'oa raba. Kosa ni langu asilimia mia na nililipia kwa msasa: siku mbili za kusugua na maji, kurudi nyuma hadi praima.

Wakati tukisugua nikamuuliza kama si afadhali angepaka gari zima. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba gari zima ni likizo. Rangi yote inakuwa mpya, hakuna jirani wa kulinganishwa naye. Kinachomkosesha usingizi ni kiganja kimoja cha rangi mpya kinachotakiwa kujifanya kimezaliwa 2014.

Wiki ya nne

Mvua. Saa nane mchana mawingu, saa kumi radi, kila siku. Klia ikipigwa hewani kukiwa na unyevu mwingi hufifia ikawa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Alhamisi tukakosa subira, tukajaribu jioni baada ya mvua, taa ikiwa imewashwa, na wadudu wa ziwani wakaja kwa maelfu, nao hupenda taa kuliko sisi. Tulisimama kwenye lulu, klia haijafunguliwa, nashukuru. Fundi alichomoa wadudu mmoja mmoja kwa sindano. Mimi nilinunua chai.

Na jambo moja sitaliruka: hadena ya klia ina isosianeti, ambayo huharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake. Nilimkuta mzee anafunga leso. Nilinunua kinyago chenye vichujio vya mkaa, sijakiweka kwenye hesabu hapa chini, na nimekiacha kibandani. Amekivaa mara mbili nikiwepo. Nisipokuwepo, sijui.

Wiki ya tano

Jumanne, saa mbili asubuhi, anga kavu. Raba zote zimeng'olewa, kila kona imefutwa mara mbili. Bampa peke yake kwenye kigoda, fenda kwenye gari. Lulu haikukatwa mwishoni mwa fenda. Aliivuta hadi nusu ya mlango, akiilegeza kila mkono unapokwenda, ili jicho lisipate mpaka wa kushika. Kisha klia fenda nzima na mlango mzima. Yaani mkwaruzo ambao haukufika mlangoni umenifanya nipake mlango, na hilo ndilo ningependa kumweleza kijana wa tuktuk siku tukikutana.

Baada ya siku mbili klia ilikuwa na vijibonde kidogo, kama ganda la chungwa. Msasa 2000 na maji, kisha dawa ya kung'arishia, kisha mashine. Nimesimama mbali, karibu, kivulini, juani. Sioni.

Hesabu: rangi na lulu 4,200. Klia na hadena 2,600. Puti, praima, msasa na tepu 2,350. Praima ya plastiki 900. Klipu 450. Lile kopo la kipumbavu 650. Kazi 9,000. Jumla 20,150. Kuhusu zile 15,000 za bima, mama watoto ameshasema yote ya kusemwa.

Rangi iliyobaki nimeimimina kwenye chupa ya jemu na kuandika juu yake: 070, lulu mara tatu, tone la manjano. Nta nitapaka baada ya mwezi, rangi ikishamaliza kupumua. Macho mawili ya omena yamebaki chini ya taa, pale ambapo lazima ulale chali ndipo uyaone. Fundi alitaka kuyarudia. Nimemwambia ayaache.