Jinsi nilivyokomesha hesabu hewa za wanafunzi wa fildi kwenye stoo ya dawa

Safari hii stoo yetu ya dawa hospitalini ilipokea wanafunzi wawili wasiofanana hata kidogo. Binti alihesabu makopo moja moja. Kijana alinakili salio la kwenye kadi ya stoo, inayoonyesha kiasi cha dawa kinachotakiwa kuwepo, akaliandika kama hesabu aliyoifanya. Chati ya joto la friji aliijaza ya wiki nzima kwa mkupuo: 5, 5, 5. Friji hiyo ina insulini ya wagonjwa wa kisukari na oksitosini ya kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua, dawa zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hawezi kuokolewa na tarakimu ya kubuni.

Kugomba hakukusaidia. Basi nikazificha kadi wakati wa kuhesabu. Kila mmoja alipewa rafu zake, akahesabu bila kuona salio, ndipo tukalinganisha pamoja. Joto likawa linaandikwa asubuhi na jioni, pamoja na saa na sahihi. Na logbuku, daftari la mwanafunzi la kazi alizofanya, naisaini jioni ile ile, baada ya kumuuliza mwanafunzi maswali mbele ya rafu.

Maswali hayo ndiyo yaliyofichua kwamba kijana hakujua kusoma kipimajoto kinachoonyesha joto la juu na la chini kabisa. Hakuna aliyemfundisha, na aliona aibu kuuliza. Binti akamwelekeza. Naye binti nikaanza kumpeleka dirishani ajifunze kutoa dawa, maana alikuwa anabebeshwa kazi ya mwenzake.

Hesabu sasa zinalingana na kadi. Kijana bado anachelewa kufika, na jambo hilo nimeliandika kwenye tathmini yake.