Mita 60 kutoka wapi?

Jumamosi, usiku

Kazi yenyewe haina ugumu wowote. Unachukua mstari wa mto, unauwekea ukanda wa mita 60 kila upande, ule ambao sheria ya mazingira inaulinda kando ya mto, unaukata kwa mpaka wa kata, unahesabu majengo yaliyoangukia ndani, unahifadhi, unahamia kata inayofuata. Kwenye QGIS, programu ya kutengenezea ramani, ni kubofya tu. Ila Dar es Salaam ina kata nyingi, na mito yake haijui mipaka ya kata. Msimbazi peke yake unashuka kutoka vilima vya Pugu kule Kisarawe hadi baharini kwenye Daraja la Selander, na njiani umeshagusa Vingunguti, Kigogo, Mchikichini, Jangwani na Hananasif. Ukishazimaliza kata chache mkono unabofya wenyewe, akili iko kituoni inagombea daladala. Ndipo nikasema basi, hii Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo vijana wa ofisini wanaitaja kila siku, na mimi nitajifunza.

Ushauri niliopewa ni ule wa kawaida: anza na misingi, jifunze orodha, jifunze vitanzi (amri za kurudiarudia kazi), andika programu ya kujumlisha namba. Ni ushauri mzuri kwa mwenye muda. Mimi niliingilia mlango wa uani. QGIS ina sehemu inaitwa historia ya uchakataji, na kila zana uliyoitumia kwa kipanya imeandikwa humo kama amri ya Python, na vigezo vyake vyote: faili lililoingia, umbali, faili lililotoka. Unainakili, unaibandika kwenye konsoli, yaani sehemu ya kuandikia amri, unabonyeza Enter, na kazi ile ile inajirudia bila dirisha kufunguka. Nilikaa nikaitazama ile amri ya bafa, yaani ya kuchora ule ukanda, muda mrefu. Miaka yote nimekuwa nikizungumza Python bila kujua, programu ilikuwa inaninukuu tu. Kilichobaki kilikuwa kutoa jina la kata moja, kuweka kitanzi, na kuacha majina yapite.

Tahadhari moja kwa anayetaka kufuata njia hii: mifano mingi mtandaoni ni ya enzi za QGIS 2. Toleo la 3 lilitoka Februari 2018, likahamia Python 3 na kubadilisha majina ya vitu vingi. Ukikuta mtu ameandika runalg au QgsMapLayerRegistry, funga ukurasa, tafuta mwingine. Sio kwamba umekosea kunakili.

Kilichonishangaza zaidi ni ukimya. Nilidhani kompyuta ikishindwa itapiga kelele, itaandika maneno mekundu. Wapi! Ukiipa QGIS njia ya faili lisilokuwepo, inakutengenezea leya (tabaka la ramani) hivyo hivyo, tupu, isiyo halali, halafu inaendelea na safari. Lazima wewe mwenyewe uiulize: isValid? Bila swali hilo, tatizo utaligundua mbali kabisa na lilipoanzia. Na njia za mafaili kwenye Windows zina mtego wake. Kama folda yako inaitwa tandale na umeiandika kwa mkwaju wa kurudi nyuma, Python inausoma ule mkwaju pamoja na herufi t kuwa ni nafasi ya tab. Folda haipo tena, kuna andale iliyosogezwa pembeni. Dawa ni herufi moja, r, mbele ya alama za kunukuu. Mtaa wa watu unapotea kwa herufi moja, unarudi kwa herufi moja.

Halafu kuna vipimo. Ukiwa na leya iliyo kwenye latitudo na longitudo za kawaida, mfumo wenye namba EPSG 4326, namba 60 maana yake ni digrii 60. Bafa ya hivyo kutoka Jangwani inameza Afrika karibu yote, Uarabuni na Bara Hindi. Hiyo angalau utaiona na kucheka. Inayotisha ni ile isiyoonekana: ramani za zamani za nchi hii zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, na mtu akizichukulia kuwa ni WGS 84, ule unaotumiwa na GPS, zinahama kama mita 300. Kwa macho, kwenye ramani ya mkoa mzima, mita 300 si kitu. Kwa ukanda wa mita 60 ni upuuzi mtupu, maana utakuwa umepima mto ambao haupo hapo. Kwenye mfumo wa UTM, unaopima kwa mita, Dar iko kanda ya 37 kusini, kwa hiyo skripti yangu, yaani zile amri nilizoziandika, sasa inahamisha kila kitu kwenda kanda hiyo, EPSG 32737, kabla ya kupima chochote. Lakini haiwezi kujua kama faili lilikuja na jina la mfumo la uongo. Na siku nikiipeleka Dodoma itanibidi nifikiri upya, kwa sababu mstari wa longitudo ya nyuzi 36 unaupasua mkoa ule: Dodoma mjini iko kanda ya 36, Kongwa na Mpwapwa ziko ya 37.

Majina ya kata nayo ni hadithi. Kwenye jedwali moja ni Hananasif, kwenye jingine ni Hananasifu. Kuna MCHIKICHINI ya herufi kubwa yenye nafasi tupu mwishoni, ambayo jicho halioni na Python haisamehi. Kuna mafaili ambayo Manzese bado iko Kinondoni, kana kwamba wilaya ya Ubungo haijawahi kuanzishwa. Nilipokuwa nabofya, vitu hivi nilivirekebisha kichwani bila hata kujua kwamba navirekebisha. Nikiona Hananasifu nasoma Hananasif, naendelea. Skripti imenilazimisha kukiri kila kitu kwa maandishi: ondoa nafasi, geuza herufi, jina hili ni sawa na lile. Kwa kweli sehemu kubwa ya nilichoandika ni haya, wala si ramani. Bafa yenyewe ni mstari mmoja. (Na kutoa ramani moja moja kwa kila kata sikuandika chochote. Atlasi ya QGIS inafanya hivyo bila skripti. Si kila kitu lazima kiwe Python, jamani.)

Ijumaa ndiyo siku niliyoiendesha skripti yote. Majengo nimechukua OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, ambayo kwa Dar ina utajiri kutokana na kazi ya mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wakipita mtaa kwa mtaa kwenye maeneo ya mafuriko. Kata baada ya kata, namba zikawa zinashuka kwenye konsoli. Nikamwita mzee wetu mpima ardhi, aliyestaafu lakini hajaacha kuja, aje aone.

"Shikamoo mzee. Njoo uone maajabu."

"Marahaba." Akainama, akavaa miwani. Namba hakuzitazama. Aliomba nimwonyeshe ukanda mmoja, pale Kigogo, na nikuze ramani. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, mita 60 kutoka wapi?"

"Kutoka mtoni, mzee."

"Mto una ubavu. Huu mstari wako umepita katikati ya maji."

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inahesabu mita 60 kutoka ukingoni. Mto uliochorwa kama mstari mmoja hauna ukingo. Kama una upana wa mita 30 na ukapimia katikati, ukanda wako unaishia mita 45 tu kutoka ukingo. Zile 15 zilizomezwa na maji ni nyumba ya mtu na uwani wake, ama ndani ama nje. Na Msimbazi haukai mahali pamoja. Mvua kubwa zikija unakula ukingo huu, unaacha mchanga upande ule, kwa hiyo hata mstari wa katikati ni wa siku ulipochorwa.

Swali hili lilikuwepo tangu enzi za kubofya, ila kwa mkono, kwa kuwa natazama kila kata, pengine ningesita mahali fulani nikaona maji yamepanuka kwenye picha ya satelaiti. Kitanzi hakisiti. Kinabeba dhana moja na kuipitisha kata zote kwa adabu ile ile. Lakini mzee mwenyewe alilitoa swali kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuuliza. Aliposema nimwonyeshe ilivyofanyika, nilifungua skripti, tukasoma pamoja mstari kwa mstari, yeye asiyejua Python hata kidogo, na tukafika kwenye ile namba 60. Ramani zangu za nyuma, nikiulizwa zilitengenezwaje, jibu langu ni "nilizitengeneza".

Leo nimebadilisha. Mahali ambapo mto umechorwa kama poligoni, yaani kingo zote mbili zipo, bafa inaanzia hapo. Mahali ambapo ni mstari tu, skripti inasoma safu mpya ya upana, inagawanya kwa mbili, inajumlisha na 60. Upana ukikosekana haikisii. Inaandika jina la mto na kata kwenye faili la pembeni na kuruka. Nilitaka kuiwekea upana wa kubuni ili namba zitoke zote, nikaona hapana, hizi namba zitasomwa na mtu mwenye rangi nyekundu ya kuchora X ya bomoabomoa ukutani.

Faili la pembeni ni refu kuliko nilivyotarajia, mengi ni vijito vya juu ambavyo kiangazi unavivuka kwa viatu. Mzee amesema vingi vyake vinapimika kwa futi kamba, na kwamba anayo. Jumatatu tunaanzia Kigogo, isipokuwa mvua inyeshe.