Kisu cha kukunja katika mfuko wangu wa dharura
Mwezi Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara eneo la Somanga, nilikuwa njiani kurudi Lindi, na kisu nilichokuwa nacho kilinikunjikia vidoleni nilipokuwa nikikata kamba ya turubai, kwa sababu hakikuwa na kizuizi cha kushikilia bapa. Kovu bado lipo kwenye kidole changu cha shahada.

Tangu siku hiyo sinunui kisu kabla ya kukifungua na kugonga taratibu mgongo wa bapa juu ya ubao. Kikilegea, ninamrudishia muuzaji. Ninapendelea chenye ulimi wa chuma unaoingia nyuma ya bapa, kwa kuwa hata mkono mmoja ukiwa umeshika tochi, mwingine unaweza kukifungua na kukifunga. Bapa la sentimita 8 linatosha. Kwetu pwani chumvi hula chuma cha kaboni upesi mno, hivyo ninachagua chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, na baada ya kuparia samaki ninakisuuza kwa maji yasiyo na chumvi, ninakikausha, kisha ninatia tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo chake.