Kumzika Mbwa au Paka Katika Ploti Yako Nairobi

Mbwa au paka wa nyumbani anapokufa, wengi wetu hushika jembe kabla ya kuuliza swali linalotangulia mengine yote, yaani amekufa kwa ugonjwa gani. Ikiwa mnyama alikuwa amebadilika tabia, akauma watu bila sababu, akatokwa na mate mengi au kushindwa kumeza, asizikwe wala kuguswa kwa mikono mitupu kabla daktari wa mifugo wa serikali hajapewa taarifa. Sheria inataka kichaa cha mbwa kiripotiwe, na ugonjwa huo huthibitishwa kwa kupima ubongo wa mnyama, kazi inayofanywa katika maabara ya mifugo kule Kabete. Mtu aliyeumwa asingoje majibu hayo: aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, kwa maana dalili zikishaonekana ni nadra sana mtu kupona.

Mnyama aliyechomwa sindano ya kumfisha anahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa sababu dawa inayotumika sana, pentobabitali, hubaki mwilini muda mrefu, na mbwa wa jirani akiufukua mwili huo na kuula, au tai akiula, anaweza kufa. Tai wa Kenya wamekwisha kuuawa kwa wingi na sumu, na sioni sababu ya kuwaongezea nyingine.

Kwa hiyo chimba shimo ambalo litaacha angalau sentimita 60 za udongo juu ya mwili, na zaidi ya hapo ikiwa udongo ni mwepesi, mbali na kisima, mto na mabomba ya maji. Wanaoishi Embakasi au South C wanaujua udongo mweusi, unaopasuka wakati wa kiangazi na kutuamisha maji wakati wa masika. Maji yakionekana shimoni, tafuta mahali pengine. Mfunike mnyama kwa kitambaa cha pamba badala ya plastiki, ambayo huzuia mwili kuoza.

Mpangaji aombe kwanza ruhusa ya mwenye nyumba. Anayeishi kwenye fleti, au ambaye ploti yake imejaa saruji, amuulize daktari wa mifugo kuhusu kuuteketeza mwili kwenye tanuri, badala ya kuutupa jalalani au kandokando ya mto.