Njia fupi naiacha

Nikipanga njia ya kwenda kazini kwa baiskeli, umbali nauangalia mwisho. Kwanza natazama makutano ambayo lazima niyakate mbele ya magari, mahali malori yanapopinda, na pembe za barabara zilizojaa magari yaliyoegeshwa. Barabara ya mtaani inayozunguka naichukua hata ikiniongezea dakika kumi. Njia mpya naijaribu siku ya mapumziko, halafu narudi kuitazama saa ya msongamano, maana barabara ya asubuhi tulivu siyo ile ya jioni watu wakitoka kazini.

Gari lililoegeshwa nalihofia kuliko linalotembea. Mlango ukifunguliwa ghafla unakula karibu mita moja ya barabara, na anayeshuka mara nyingi hata hajageuka kutazama nyuma. Kwa hiyo napita mbali na milango, hata anayenifuata akipiga honi. Apige tu. Nikijibana pembeni atajaribu kunipita pasipo na nafasi; nikikaa mahali pa wazi ananiona. Na uwazi kati ya ukingo wa barabara na lori lililosimama kwenye taa siingii kamwe. Lori likipinda, magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani kuliko ya mbele, na dereva ni vigumu sana kukuona hapo.

Njia nzuri bado inataka baiskeli inayosimama. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa ukifunga breki uzito husogea mbele, basi raba zake nazikagua kila wiki pamoja na upepo. Tyubu hupungua upepo yenyewe hata bila pancha, na tairi laini likigonga shimo, rimu huibana tyubu na kuitoboa matundu mawili.

Mnyororo ndio unaoonewa zaidi. Watu huumwagia oili wakaondoka! Mimi naufuta kwanza, naweka tone moja kila kiungo, nazungusha pedeli, kisha nafuta tena mpaka nje pakauke, kwa sababu oili ya nje hushika mchanga na mchanga husaga chuma. Halafu naupima kwa rula, maana mnyororo ukichakaa hurefuka: viungo 24 vya mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Vikizidi kwa 1/16 ya inchi, nabadilisha mnyororo peke yake. Ukingoja hadi 1/8, meno ya gia yameshaliwa, na mnyororo mpya utaruka juu yake kila ukikanyaga kwa nguvu.