Fungu langu lilikuwepo

Nimekaa Leeds, Uingereza, miaka 9 bila kukanyaga Marangu, kwetu chini ya mlima Kilimanjaro. Desemba hii nimeshuka Himo jioni, nikapanda Noah mpaka nyumbani, na kabla mizigo haijaingia ndani mama alishaniuliza kama nimekula.

Asubuhi tukachinja. Wengi wanaijua nyama ya Wachagga kwa ndafu, yule mbuzi mzima anayeingizwa ukumbini kwenye harusi za mjini. Kihambani, kwenye shamba la ukoo, mambo ni mengine. Mbuzi anachinjiwa kwenye migomba, anapasuliwa juu ya majani mabichi, na mwenye kisu hakati ovyo: kila kiungo kina mwenyewe. Kidari ni cha mzee. Damu ilishakorogwa isigande, ikaenda kwenye sufuria ya kisusio, ile supu ya damu, na harufu yake ndiyo iliyonirudisha nyumbani hasa, kuliko hata kuuona mlima.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, mama aliianza zaidi ya wiki kabla sijafika. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, ndipo unaongezwa ulezi na msesewa, lile gamba la mti linalotia uchungu. Huwezi kuiharakisha. Maana yake alikuwa jikoni ananingoja wakati mimi bado nahesabu siku za likizo.

Baba mdogo akaonja kata ya kwanza, kisha akamimina kidogo kwenye masale, mimea yetu ya heshima, palipo na kaburi la baba.

Baba alifariki 2019. Sikuja kumzika, karatasi zangu za ukaazi hazikuwa tayari, na ningetoka nisingeweza kurudi. Hilo nimeishi nalo.

Baba mdogo akakata kidari, akakilaza kwenye jani, akaniita kwa jina la babu, nililorithi.

"Hiki kilikuwa cha kaka. Nilikuwa nakushikia tu."

"Baba mdogo, mkubwa sasa ni wewe. Kaa nacho."

"Pokea."

Nikapokea kwa mikono miwili. Mama akaniambia taratibu kwamba kila Desemba fungu langu lilikatwa likaletwa kwake, hata mwaka ambao hawakujua kama nitarudi.

Nikataka kumega nimpe yeye kwanza, kisu kikagoma kwenye mfupa. Mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa nikiwa huko na hakuwahi kuniona, akaja akashika upande wa pili, akanishikilia nyama ili nikate.